Debe la Kwanza Libaki Nyumbani

Iringa, Njombe na Rukwa ni ghala la Tanzania. Mahindi ya huko yanaliwa Dar es Salaam, viazi vyake vinageuka chipsi mijini, na maparachichi ya Njombe yanapanda meli kwenda Ulaya. Mikoa hiyohiyo ndiyo iliyoongoza kwa udumavu katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022. Iringa, asilimia 57 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Njombe na Rukwa, takriban asilimia 50. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30.

Kila nikizisoma takwimu hizi naumia, kwa sababu udumavu tunauchukulia kama suala la kimo tu. "Ukoo wetu ni wafupi," watu husema, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini mwili ulioshindwa kurefuka kwa kukosa lishe umeshindwa pia kujijengea kinga. Kingamwili zenyewe ni protini. Mtoto anayekula wanga mtupu atazitengeneza kwa kitu gani? Akikosa vitamini A, utando laini unaofunika macho, njia ya hewa na utumbo unadhoofika, vijidudu vinapenya. Akikosa zinki, kuhara kunamkalia. Akiugua, hamu ya kula inapotea, uzito unashuka, na ugonjwa unaofuata unamkuta hana nguvu hata zile alizokuwa nazo mwanzo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vinahusiana na lishe duni. Tunaambiwa mtoto amekufa kwa nimonia, au kwa surua. Sahani yake hakuna anayeiulizia.

Tangu korona ituingilie mwaka 2020, kinga ya mwili imekuwa biashara kubwa. Kuna chupa, vidonge na unga wa kila rangi, na kila muuzaji anaapa kwamba bidhaa yake inaongeza kinga kwa wiki moja. Sina ugomvi na tangawizi wala malimau, nayanywa. Kinachonisikitisha ni mzazi anayetoa fedha ya mayai ya mwezi mzima kununua chupa moja, huku kuku wake wanataga na mayai yanapelekwa sokoni.

Niliwahi kukaa asubuhi sokoni Makambako, nikimtazama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alileta trei za mayai, ndoo ya maharage na kikapu cha maparachichi, akauza vyote. Nikamuuliza, "Dada, mtoto amekula nini leo?" Akajibu, "Uji wa mahindi, na sukari kidogo." Mayai, alinieleza, ni madaftari na sare za wakubwa zake. Maharage ni mbolea ya msimu ujao.

Siwezi kumlaumu. Mama huyo anatoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni, na mtoto wa mwaka mmoja, ambaye tumbo lake ni dogo na anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, anaachiwa dada yake, naye bado mtoto, na sufuria iliyopoa. Bei ya gunia anaipanga baba, na fedha anaishika baba. Mezani nako tumerithi utaratibu usio wa haki: filigisi ya baba, yai la kukaanga la mgeni, mchuzi wa watoto. Zipo jamii ambazo mjamzito bado anakatazwa mayai, wakati ule ule mwili wake unapojenga mwili wa mwingine. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka 2, ndizo zinazoamua mengi, na ndizo tunazozipa makombo.

Mengine ni mazoea ya jikoni tunayoweza kuyabadili bila fedha. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, yana kingamwili za mama. Bado wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Magadi yanalainisha mboga, lakini yanaua vitamini C. Mchicha na maharage vikamuliwe limau, madini ya chuma yapate kufyonzwa vizuri, na chai isubiri kwanza, kwa kuwa inayazuia. Dagaa, tunaowaita chakula cha shida, wana protini na madini mengi kuliko soseji tunazojivunia. Matone ya vitamini A hutolewa kila Juni na Desemba, na chanjo zipo kliniki; lishe nzuri haichukui nafasi ya chanjo.

Kwa upande wa kinga, sisi watu wazima nasi tunajidanganya kuhusu usingizi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 164 waliotiwa virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa 6 kwa usiku waliugua kwa uwezekano wa zaidi ya mara 4 ya waliolala zaidi ya saa 7. Hakuna kidonge kinacholipa deni hilo la usiku.

Ndugu yangu mwenye shamba, msimu huu kabla dalali hajashona magunia, pima debe la kwanza la maharage liingie ndani. Hesabu mayai ya nyumbani kama unavyohesabu mbolea, kwa wiki na kwa mtoto, na usiyaguse hata bei ikipanda. Mke wako akiwa mjamzito, mpe filigisi, na umpunguzie jembe. Yaliyobaki peleka sokoni.