Somo la 7: Pumzi Baada ya Moshi

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:7, Kut. 15:22–27; Kut. 16:1–4, Mk. 8:22–25, Isa. 42:3, Yn. 11:38–44, Mit. 24:16, 1 Kor. 6:19, 20.

Fungu la Kukariri: Kutoka 15:26. Likariri kutoka katika Biblia yako, hasa maneno ya mwisho ambayo Bwana anajitambulisha kuwa Mponyaji wa watu wake.

Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja katika darasa letu la ubatizo aliacha sigara. Alikuwa ameanza kuvuta akiwa kijana, alipokuwa utingo wa malori, na sasa alikuwa baba wa watoto wanne. Sabato aliyotangaza kwamba ameacha, kanisa zima lilisema amina.

Majuma matatu baadaye alianza kukohoa kuliko alivyowahi kukohoa wakati akivuta. Wimbo wa kufungulia ukianza, alitoka nje. Akipanda kilima cha kwenda kanisani alisimama mara mbili kutafuta pumzi. Wenzake wa kijiweni wakamwambia, "Unaona? Sigara ndiyo iliyokuwa inakutunza kifua." Nasi kanisani tukanong'onezana, "Huyu bado anavuta kwa siri. Aliyeacha kweli hawezi kukohoa hivi."

Nami nilikuwa miongoni mwa walionong'ona. Ubatizo wake uliahirishwa.

Juma hili tunajifunza yanayoupata mwili wa mtu aliyeacha tumbaku, na yale ambayo Neno la Mungu linasema kwa mtu huyo, na kwa sisi tunaoketi naye benchi moja.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Pumzi ya Uhai

Soma Mwanzo 2:7. Ni nini kilichomfanya mtu awe nafsi hai? Jambo hili linatufundisha nini kuhusu thamani ya kila pumzi tunayovuta?

Mungu alipoumba nyota alisema, zikawa. Alipomwumba mtu aliinama, akaugusa udongo, akampulizia pumzi puani. Pumzi ni zawadi iliyotolewa kwa ukaribu. Kwa hiyo suala la kinachoingia mapafuni mwetu ni suala la ibada, kama Paulo anavyoonyesha katika 1 Wakorintho 6:19, 20.

Ndani ya njia za hewa, Muumba ameweka vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hupepea bila kukoma, vikisukuma makohozi, vumbi na vijidudu kuelekea kooni ili vitolewe nje. Moshi wa tumbaku huvilegeza na kuviharibu. Uchafu unaobaki hujikusanya, na mvutaji hupata kile kikohozi cha asubuhi ambacho jamaa zake wamekwisha kukizoea.

Tena, moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hii hukalia nafasi ya oksijeni katika damu, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi.

Lakini tazama rehema ya Muumba. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Katika muda wa saa 12 hadi siku moja au zaidi kidogo, gesi hiyo katika damu hurudi kwenye kiwango cha kawaida. Mwili huanza kutengenezwa kabla mtu hajajisikia nafuu yoyote.

*Ni kazi gani ya Mungu maishani mwako iliyoanza kabla hujaiona wala kuihisi?*

JUMATATU: Siku Tatu Hadi Mara

Soma Kutoka 15:22–27. Israeli walikuwa wametoka wapi, na walikutana na nini baada ya siku tatu? Je, uchungu wa maji ya Mara ulimaanisha kwamba walikosea kutoka Misri?

Wimbo wa ushindi ulikuwa bado masikioni mwao. Farao alikuwa amezama. Hata hivyo, siku tatu tu mbele, kiu ikawabana, na maji waliyoyapata hayakunyweka. Hawakuwa wamepotea njia. Mungu mwenyewe ndiye aliyewaongoza hadi pale.

Biblia hapa haizungumzii tumbaku, lakini yeyote aliyeacha sigara anaifahamu Mara. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ubongo hujizoesha kuitegemea. Inapokatwa, mwili hudai. Madai hayo kwa kawaida huwa makali zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua katika majuma mawili hadi manne. Mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, kichwa huuma, na mawazo hayatulii. Wengine huhisi kifua kimebana, kana kwamba hewa haitoshi, na mara nyingi wasiwasi wa siku hizo huongeza hali hiyo.

Mke au mume anayeishi na mtu huyu na ajue: ukali wa siku hizi si tabia mpya. Ni mwili unaodai deni ambalo halitalipwa tena.

Pale pale Mara, penye uchungu, ndipo Bwana alipojitambulisha kuwa Mponyaji. Na baada ya Mara palikuwa na Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Waliogeuka nyuma wasingeiona.

*Ungemwambia nini mtu aliye katika siku yake ya tatu bila sigara?*

JUMANNE: Watu Kama Miti

Soma Marko 8:22–25. Yesu alimgusa kipofu huyu mara ngapi? Baada ya mguso wa kwanza aliona nini?

Yesu angeweza kumponya kwa neno moja. Lakini uponyaji huu ulikwenda kwa hatua. Katikati yake, mtu yule aliona watu wanaotembea kama miti. Hakuwa kipofu tena, wala hakuwa anaona vizuri. Alikuwa njiani, na Yesu hakumwacha njiani.

Ndivyo ilivyo kwa kifua. Vile vinyweleo vya njia za hewa, vinaporudia kazi yake, huanza kusukuma makohozi yaliyokaa muda mrefu. Ndiyo maana mtu aliyeacha anaweza kukohoa zaidi kwa majuma kadhaa. Nyumba iliyokaa miaka bila kufagiwa hujaa vumbi hewani siku fagio linaporudi. Vumbi lile halisemi kwamba nyumba imechafuka leo. Linasema kwamba kuna mtu anayefagia. Katika miezi kati ya mmoja na tisa, kikohozi na kukatika pumzi kwa kawaida hupungua, na mapafu hufanya kazi vizuri zaidi.

Kuna mabadiliko mengine. Ladha na harufu hurudi. Ndugu yetu alisema alikuwa amesahau harufu ya mvua ya kwanza. Hamu ya kula huongezeka, na wengi huongezeka kilo chache. Wengine hupata vidonda vidogo mdomoni au choo kigumu kwa muda. Maji ya kutosha, matunda, mboga, na matembezi ya kila siku husaidia.

Tuseme ukweli pia: mapafu ambayo vifuko vyake vya hewa vimekwisha kuharibika hayarudi kuwa mapya. Lakini kuacha hupunguza kasi ya uharibifu, hata kwa mgonjwa na mzee. Haijawahi kuwa kuchelewa mno.

*Je, unamvumilia mtu ambaye bado yuko kati ya mguso wa kwanza na wa pili? Je, unajivumilia wewe mwenyewe?*

JUMATANO: Masufuria ya Misri

Soma Kutoka 16:1–4. Watu walikumbuka nini kuhusu Misri, na walisahau nini?

Walikumbuka nyama na mikate. Walisahau mijeledi, matofali, na watoto waliotupwa mtoni. Njaa ina kumbukumbu yenye upendeleo.

Kumbukumbu hiyo hiyo husema, "Nilipokuwa navuta sikukohoa hivi." Si neno geni. Hata J. N. Loughborough, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, katika ujana wake alishauriwa na daktari avute sigara kwa ajili ya mapafu yake! Wakati ule wengi waliiona tumbaku kuwa dawa. Sigara moja inaweza kutuliza mtu kwa dakika chache, kwa sababu inakata madai ambayo sigara yenyewe iliyaleta. Ni sawa na mkopeshaji anayekupa nauli ya kwenda kumlipa.

Basi tufanye nini hamu inapokuja? Kwa kawaida wimbi moja la hamu hudumu dakika chache tu. Ahirisha. Kunywa maji polepole. Vuta hewa taratibu kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo. Toka nje utembee. Mpigie simu ndugu mliyekubaliana. Omba kwa sauti, hata kwa sentensi moja. Toa kiberiti na kisahani cha majivu nyumbani. Usihamie kwenye ugoro wala shisha. Huko ni kubadilisha mnyapara, si kutoka Misri.

Ziko pia dawa za kusaidia kuacha, ambazo mhudumu wa afya anaweza kushauri. Kuzitumia si upungufu wa imani. Pale Mara Bwana alimwonyesha Musa mti, naye akautupa majini. Angeweza kuyaponya maji bila mti.

Na mana ilishuka kwa siku moja moja. Usiahidi miaka 20. Iombee siku ya leo.

*Ni "masufuria" gani ambayo kumbukumbu yako huyapamba?*

ALHAMISI: Utambi Utoao Moshi

Soma Isaya 42:3 na Yohana 11:38–44. Mtumishi wa Bwana anautendeaje utambi ulio karibu kuzimika? Ni kazi gani ambayo Yesu aliwaachia watu waliosimama kaburini?

Utambi unaotoa moshi unakera macho. Njia rahisi ni kuuminya kwa vidole. Mtumishi wa Bwana hafanyi hivyo. Anaona cheche tuliyoshindwa kuiona sisi.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza. Aliacha kuja kanisani Sabato mbili. Mama mmoja shemasi, ambaye hakuwa na cheti chochote cha theolojia, alikwenda nyumbani kwake na uji katika chupa. Alimkuta ameketi nje, pakiti mpya ya sigara mkononi, haijafunguliwa. Alimwambia yule mama, "Kama kanisa limekwisha kuamini navuta, nivute basi."

Yule mama hakuhubiri. Alimsindikiza zahanati kesho yake. Wakapima makohozi, wakaona hana kifua kikuu. Mganga akamweleza kwa dakika tano yale tuliyojifunza Jumanne. Mama akarudi akatueleza sisi wazee wa kanisa, na tulinyamaza kwa aibu. Jioni ile nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea kwa kikohozi na kicheko pamoja.

Yesu ndiye aliyemwita Lazaro atoke; hakuna mwingine aliyeweza. Lakini sanda aliwaachia watu waifungue. Lazaro alitoka akiwa hai huku bado amefungwa. Kanisa linaloona sanda na kutangaza kwamba mtu huyu bado amekufa, halijaielewa kazi yake.

Na kama angekuwa ameifungua pakiti ile? Mithali 24:16 inajibu: mwenye haki huanguka mara saba, akainuka tena. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kabisa.

*Ni nani katika kanisa lako ambaye umemhukumu kwa dalili ya kupona kwake?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Mnamo Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa maono yaliyoweka msingi wa ujumbe wetu wa afya. Karibu miaka 100 baadaye, daktari Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg waliandaa Mpango wa Siku Tano wa kuacha kuvuta sigara, ambao umetumika katika nchi nyingi. Angalia: daktari na mchungaji walisimama jukwaa moja. Mwili na roho havikutenganishwa.

Faida huendelea kwa miaka. Baada ya mwaka mmoja, hatari iliyoongezeka ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka kama 10, ndivyo ilivyo kwa hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu.

Hata hivyo tusidhani kila kikohozi ni fagio. Kikohozi kilichozidi majuma mawili kipimwe. Makohozi yenye damu, homa, jasho la usiku, kukonda, kukoroma kwa kifua, maumivu ya kifua, au kukosa pumzi ukiwa umetulia: nenda hospitali mapema. Maumivu makali ya ghafla kifuani au kushindwa kupumua: nenda saa ile ile.

Ndugu yetu alibatizwa miezi mitano baadaye. Siku ile alipanda kilima bila kusimama, akaimba wimbo wa kufungulia beti zote.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini tunapenda kuona ushindi wa ghafla kuliko uponyaji wa hatua kwa hatua? Upendeleo huo unawaumizaje wanaopambana?

2. Kanisa lina wajibu wa kumwandaa vema mtu anayebatizwa. Tunawezaje kutimiza wajibu huo bila kugeuka kuwa wapelelezi?

3. Ndugu zetu wengine hulima tumbaku au huuza sigara dukani ili kusomesha watoto. Darasa lenu lingewasaidiaje kutafuta njia nyingine, badala ya kuwalaumu tu?

4. Pangeni mpango: ni nani wawili katika darasa lenu watakaomtembelea anayeacha sigara katika siku ya tatu, juma la tatu, na mwezi wa tatu?