Mbwa wa Muda

Niko Isipingo, kusini mwa Durban. Safari hii mniruhusu niandike juu ya mbwa. Najua wengi wetu tuliozaliwa pwani tumekua tukimkwepa mbwa njiani, na marehemu bibi yangu angesema nimepotea. Lakini hata wale vijana wa pangoni, katika Suratul-Kahf, walikuwa na mbwa wao kizingitini, basi nami nivumilieni.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili la KwaZulu-Natal, chama kimoja cha kuokoa wanyama kilikuwa kinatafuta watu wa kulea mbwa kwa muda. Chama kinalipia kumhasi na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hapa ni lazima kisheria. Wewe unatoa chakula, ua wenye uzio, na subira, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Nikakubali. Wakaniletea mbwa mwekundu, mbavu nje, masikio makubwa. Watoto wakamwita Popo.

Wiki ya kwanza alilala getini, uso kuelekea barabarani, kama anayesubiri mtu. Wiki ya tatu akahamia mlango wa jikoni. Hapo ndipo swali liliponianza. Mimi nilijua kuwa yeye ni wa muda, lakini yeye hakujua. Kila nilipompapasa nilikuwa kama natoa ahadi ambayo nimeshapanga kutoitimiza. Je, wema wa namna hiyo si udanganyifu? Nikajaribu kumpunguzia mapenzi, nikamwekea chakula na kuondoka. Siku mbili tu nikaona haya. Nilikuwa najikinga mimi, si yeye.

Nikamweleza jirani yangu, mama wa Uvira. Mwaka 2015, wageni walipofukuzwa majumbani hapa Isipingo, yeye na wanawe waliishia kwenye mahema kule Chatsworth. Nikasema, pengine kwa kukosa adabu, kwamba yeye anaelewa kuwekwa mahali kwa muda.

"Ndugu, usinifananishe na mbwa," akasema. Nikamwomba radhi. Akaendelea kuchambua mchicha wake, halafu akasema, "Hema halikuwa baya. Tulijua ni hema. Lakini walipofunga kambi walituambia turudi kwetu, au turudi mitaani kule kule tulikopigwa. Hakuna aliyekwenda kwanza kutazama kukoje."

Basi nikaenda kutazama. Wa kwanza kumtaka Popo alikuwa na uwanja mkubwa wa kuhifadhia magari, na haraka nyingi. Ukutani niliona mnyororo umeshapigiliwa, haufiki hata mita mbili. Nikamwambia hapana, akaniuliza mbwa ni nini. Wa pili walikuwa mume na mke wastaafu wa Amanzimtoti, ua wao mdogo. Mke aliniuliza Popo anaogopa nini. Radi, nikamjibu.

Watoto walilia, wakataka abaki kwetu. Nami nilitaka, sitaki kuwaficha. Mama wa chamani alinieleza kwamba mlezi akimbakiza mbwa hatendi kosa, ila nyumba yake mara nyingi hufungwa kwa mbwa anayefuata. Hoja hiyo ina nguvu, lakini mimi siipendi. Ukiifuata mpaka mwisho, hutamkumbatia yeyote aliye mbele yako kwa sababu ya yule ambaye hujamwona. Na wala siyo iliyoniamua. Nafanya kazi ya usiku bandarini. Asubuhi nimelala, watoto wako shule, na Popo yuko peke yake uani anaangalia mlango. Amanzimtoti kuna mtu nyumbani mchana kutwa. Lililobaki lilikuwa uchungu wangu, na nikaona si haki yeye alipe gharama yake.

Siku ya kumpeleka aliruka kutoka garini, akaingia ndani bila kugeuka. Mimi niliyeogopa kumvunja moyo nikarudi na wangu umevunjika; watoto wakanicheka.

Mwezi uliofuata tulikwenda kumsalimu. Alikuja, akaninusa viatu kwa muda mrefu, mkia ukicheza, kisha akarudi kulala mlangoni mwao. Chini ya meza walikuwa wamemtandikia blanketi, kwa ajili ya radi.