Fomu ya Kodi Mbele ya Dhamiri

Mzalisha maudhui wa Mombasa au Dodoma anayeanza kulipwa na YouTube hupitia hatua mbili kabla fedha haijamfikia. Ya kwanza ni ya malipo: jina la mpokeaji, benki, namba ya akaunti, na uthibitisho wa anwani kwa PIN inayoletwa kwa barua ya posta salio linapofika dola 10, ingawa malipo yenyewe hayatoki mpaka zitimie dola 100. Ya pili ni ya kodi. Kwa mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa Marekani, hatua hiyo ni fomu iitwayo W-8BEN, ya mamlaka ya mapato ya Marekani, nayo hujazwa ndani ya akaunti kwa dakika chache. Wengi huibonyeza mpaka mwisho bila kusoma. Hata hivyo katika dakika hizo mtu hutoa ushahidi juu ya nafsi yake kwa serikali ya nchi ambayo pengine hataikanyaga maishani, na hutia saini chini ya sheria ya huko inayoadhibu kiapo cha uongo. Hapo huzuka maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: nchi hiyo inadai kwa haki gani, na je, wajibu wa kusema kweli unategemea jibu la swali hilo?

Kinachokatwa kieleweke kwanza. Tangu Juni 2021 Google huchukulia mapato ya YouTube kuwa mirabaha, na huzuia kodi ya Marekani katika sehemu inayotokana na watazamaji walioko Marekani peke yake. Kiwango cha kawaida ni 30%. Asiyewasilisha fomu huweza kukatwa hadi 24% ya mapato yake yote, popote watazamaji walipo. Chaneli iliyoingiza dola 1,000, ambazo 150 kati yake zimetoka kwa watazamaji wa Marekani, itakatwa dola 45 ikiwa mwenyewe amejaza fomu, na dola 240 ikiwa hakujaza. Nchi ikiwa na mkataba wa kodi na Marekani kiwango huweza kushuka. Kenya na Tanzania hazina mkataba huo. Afrika Kusini inao, na mkataba wake unafuta kodi ya mirabaha anayolipwa mkazi wake.

Swali la haki ya kudai lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1923 wanauchumi wanne, Bruins wa Uholanzi, Einaudi wa Italia, Seligman wa Marekani na Stamp wa Uingereza, waliliandikia Shirikisho la Mataifa ripoti kuhusu mtu anayetozwa kodi na nchi mbili kwa pato lilelile. Waliuacha msingi wa uraia, kisha wakauliza mambo manne: mali imezaliwa wapi, iko wapi, haki zake zinalindwa na sheria za nani, na mwenyewe anaishi na kuitumia wapi. Nchi yenye uhusiano wa kiuchumi na pato hilo ndiyo yenye dai. Fikra hizo ndizo mzizi wa mikataba ya kodi ya leo, na hakuna Mwafrika aliyeketi mezani zilipopangwa.

Chukua video ya mapishi iliyorekodiwa jikoni Tanga na kutazamwa na muuguzi Mswahili anayeishi Minneapolis. Kazi imefanyika Tanga: nazi imekunwa Tanga, na bando la kuipandisha video limenunuliwa Tanga. Lakini tangazo lililolipa limenunuliwa kwa sababu ya mfuko wa yule muuguzi, katika soko lenye mahakama, benki na barabara zinazoendeshwa na nchi anayoishi. Tangazo hilohilo likionyeshwa Tanga bei yake ingekuwa ndogo zaidi. Kwa kipimo cha 1923, basi, nchi zote mbili zina dai, na anayesema kwamba Marekani haina haki yoyote katika pato hili anasema zaidi ya anachoweza kuthibitisha.

Kiwango chenyewe ni hadithi nyingine. Asilimia 30 hukatwa katika jumla, si katika faida. Simu, umeme, usafiri na mshahara wa mpiga picha havitolewi kwanza. Watu wawili wakitengeneza video ileile, mmoja Nairobi na mwingine Johannesburg, wa kwanza atatozwa na wa pili atasamehewa, kwa sababu tu wanadiplomasia wa nchi moja waliketi na wa nchi nyingine hawakuketi. Haki inayowatendea sawa walio sawa haipati nafasi hapo. Na serikali za nyumbani nazo zimenyoosha mkono: mwaka 2023 Kenya na Tanzania zote ziliingiza katika sheria zao za fedha kodi ya zuio ya 5% kwa malipo ya wazalisha maudhui wa mtandaoni, Kenya ikiwa imeshuka kutoka 15% iliyopendekezwa awali. Dai la Marekani, kwa hiyo, lina msingi, lakini kipimo chake hakina uadilifu.

Je, udhalimu wa kipimo unamfungua mtu? Dini zimelijadili hilo kwa muda mrefu, ila karibu kila mara zikimfikiria mtawala na raia wake. Katika Injili, Yesu alipotegwa kwa swali la kodi ya Kaisari, aliomba sarafu na kuuliza sura iliyomo ni ya nani, ndipo akatenganisha haki ya Kaisari na haki ya Mungu. Wapo wanaoichukua hoja hiyo moja kwa moja: anayepokea dola amekwisha kuingia katika soko la mwenye dola. Hoja hiyo ina mvuto kuliko uzito, kwa maana nusu ya dunia hutumia dola bila kuitii Washington. Paulo, akiwaandikia Warumi, aliiegemeza kodi kwenye kazi wanayoifanya watawala kwa ajili ya watu. Msingi huo ni imara zaidi, lakini humgeukia mtoza kodi: asiyetoa huduma anadai nini? Baadhi ya wanateolojia Wakatoliki kuanzia karne ya 16 walikwenda mbali zaidi, wakashikilia kwamba sheria nyingine, hasa za ushuru, ni sheria za adhabu tu: asiyelipa hatendi dhambi, mradi akikamatwa aipokee adhabu bila kulalama.

Kwa Waislamu wajibu wa fedha uliowekwa na Mungu ni zaka, na kodi ya mtawala ni jambo la pembeni linalohitaji hoja. Mapokeo ya Mtume yanamkemea vikali mtoza ushuru dhalimu. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki 1111, aliruhusu mtawala kuwatoza wenye mali pale hazina inapokuwa tupu na ulinzi wa umma ukiwa hatarini, na Shatibi wa Andalusia akaiendeleza hoja hiyo katika karne ya 14. Masharti yao ni mazito: haja iwe ya kweli, matumizi yawe ya umma, mzigo ugawanywe kwa uadilifu. Pwani ya Afrika Mashariki na bara yake hazihitaji kuelezwa kwa nini masharti hayo yana maana. Kodi ya kibanda, iliyoletwa na Wajerumani na Waingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ilidaiwa kwa fedha ambayo wengi hawakuwa nayo, ili walazimike kuitafuta katika mashamba ya walowezi. Mtu aliyerithi kumbukumbu hiyo hawezi kulaumiwa akiitilia shaka kodi ya nchi ya mbali.

Lakini hoja zote hizo zinahusu kulipa. Fomu haimwombi mtu alipe. Fedha hukatwa kabla hajaigusa. Fomu inamtaka aseme: jina kamili, nchi anayokaa, namba ya mlipakodi, kama kazi inafanyika ndani au nje ya Marekani, na kama yeye ndiye mmiliki halisi wa mapato. Hapo ndipo uzito wa kimaadili ulipo, na ndipo wanaoitetea sheria na wanaoipinga wote hupita haraka mno.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura al-Baqara, inazungumzia kuandika deni. Inaagiza mwandishi aandike kwa uadilifu, na anayetamka yaliyomo awe ni mdaiwa mwenyewe, amche Mungu na asipunguze kitu. Mpango huo una busara nyingi: anayebeba wajibu ndiye anayepewa kalamu. Fomu ya kodi imejengwa vivyo hivyo. Hakuna afisa anayekuja kuchungulia jikoni Tanga; maelezo ni ya mjazaji, na kinachoyashikilia mwanzoni ni neno lake.

Je, neno hilo ni kiapo? Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kiapo cha kisheria hufungamana na jina la Mungu au sifa zake, na katika fomu halimo. Lakini huo si mlango wa kutokea, kwa kuwa ushahidi wa uongo nao umehesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa, uwe na kiapo au usiwe nacho. Kwa Mkristo njia ni fupi zaidi: mahubiri ya mlimani yaliliondolea neno la kawaida haja ya kiapo, kwa kulifanya liwe na uzito uleule wa kiapo.

Mwenye akili nyepesi hujaribu njia nyingine, maneno ya kweli yenye maana mbili. Ana binamu Johannesburg. Huandika anwani ya binamu na kujiambia kwamba aliwahi kulala pale, kwa hiyo ni kwake. Mapokeo ya Mtume yanasema kiapo huhesabiwa kwa nia ya anayekidai. Wanazuoni waliacha upenyo kwa mdai dhalimu: mtu anayeandamwa na jambazi anaruhusiwa kumpotosha kwa neno lenye sura mbili. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Inosenti XI mwaka 1679 alilaani mafundisho yaliyomruhusu mtu aape huku akikamilisha sentensi moyoni. Je, mamlaka ya kodi inayotoza 30% ya jumla ni jambazi? Hapana. Upenyo uliwekwa kwa ajili ya aliyebanwa bila njia nyingine, na mwenye chaneli anazo: anaweza kulalamika hadharani, kuidai serikali yake ikajadili mkataba, hata kuacha kuchuma mapato hayo. Anayeandika Johannesburg anajitafutia punguzo tu, na anamwingiza binamu katika ushahidi asiouomba.

Suala la mmiliki halisi lina utata wa kweli, kwa sababu Uswahilini fedha mara nyingi hupita katika mikono ya ndugu. Kijana wa miaka 16 mwenye chaneli hawezi kuwa na akaunti yake ya malipo, maana masharti yanataka miaka 18. Mzazi au mlezi ndiye hufungua. Aya ileile ya deni iliona hali hii, ikamwagiza msimamizi atamke badala ya asiyeweza. Huo ni usimamizi, na ni halali mradi asimame wazi kama msimamizi na fedha zimfikie mwenyewe. Tofauti kabisa ni mjomba aliyeombwa jina kwa kuwa tu akaunti yake ya benki ilikuwa tayari, akatia saini kwamba mapato ni yake huku kila mtu nyumbani akijua si yake. Ugomvi ukizuka, saini inampa haki mjomba.

Kuna pia mahali ambapo fomu yenyewe inamtega mkweli. Sehemu ya makazi ya kudumu inakataza sanduku la posta, ilhali Afrika Mashariki anwani ya watu wengi kwa miaka mingi imekuwa S.L.P. Tanzania ilianza mwaka 2022 kuzipa nyumba namba na mitaa majina katika operesheni ya anwani za makazi, na mwenye namba hiyo hana tatizo. Asiye nayo hana haja ya kubuni mtaa. Jina la kijiji au kitongoji, kata na wilaya ni maelezo ya kweli ya mahali anapokaa, na sanduku la posta lina nafasi yake, kwenye mstari wa anwani ya barua.

Kilichokatwa hakihesabiwi kuwa zaka. Kauli iliyoenea kwa wanazuoni ni kwamba kodi haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu nia na wanaostahili kupewa ni tofauti. Lakini fedha ambayo haikumfikia mtu haiingii katika mali anayoitolea 2.5%. Makanisa yanayofundisha fungu la kumi hayana kauli moja kama litolewe kabla au baada ya makato, na hapo dhamiri ya mtoaji ndiyo mwamuzi.

Ushahidi huo hauishi siku ya saini. Kwa kawaida fomu hudumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule iliotiwa saini, na iliyosainiwa 2025 inakoma tarehe 31 Desemba 2028. Na ndani ya tamko la mwisho, juu tu ya mahali pa jina, mtiaji saini huahidi kuleta fomu mpya ndani ya siku 30 iwapo jambo lolote alilolithibitisha litaacha kuwa kweli.