Adabu ya Kungoja Jibu

Katika maswali tuletewayo barazani na vijana wetu siku hizi, liko moja ambalo wazee wetu hawakuulizwa sana, nalo ni hili: mtu aliyepeleka ombi la kazi Serikalini, akakaa kungoja jibu, moyo wake aufanye nini?

Kijana mmoja wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia baada ya sala ya alasiri. Amemaliza chuo kikuu, na ameomba kuingia katika mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma. Mpango huu humweka kijana aliyehitimu katika ofisi za Serikali kwa muda wa miezi 12, apate ujuzi na posho, wala haumpi ahadi ya kuajiriwa baadaye. Tulipokuwa tukizungumza simu yake ilikuwa mkononi, na kila ilipolia rangi ya uso wake iligeuka. Akaniambia, "Sheikh, niombee dua. Nikiikosa hii, mimi si mtu."

Dua nilimwombea. Lakini neno lake la mwisho lilinikaa moyoni, kwani niliona ndani yake maradhi ambayo hata kupata kazi hakuyaponyi.

Yatupasa tupambanue mambo mawili. Kuna kuhitaji riziki, na kuna kuhitaji kuambiwa kuwa wewe ni mtu. Haja ya kwanza ni ya kweli. Mama aliyeuza bangili zake za dhahabu ili amsomeshe mwanawe hawezi kuambiwa kuwa fedha ni upuuzi. Na mwenye kumwambia hivyo, naye tumbo lake limeshiba, hamfundishi subira bali amdhihaki. Lakini haja ya pili haimo katika uwezo wa Tume yoyote. Barua ile, ikija, itajibu swali moja tu: umepata nafasi au hukupata. Mwenye kuiuliza swali la pili ameipeleka nafsi yake mnadani, na hao aliowapelekea hawajui hata kuwa inauzwa.

Tena tuitazame mizani yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yataka watumishi wa umma wachaguliwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahiki. Na papo hapo yataka jamii mbalimbali za nchi ziwakilishwe, na wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu wapate fursa. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na yanayopimwa ni mambo mengi kwa pamoja. Mtu aweza kustahiki asichaguliwe, na aliyechaguliwa akawa amestahiki vile vile, pasiwe na dhuluma kwa yeyote. Vipi basi mtu alifanye jibu hilo kuwa cheti cha thamani yake?

Pengine msomaji atasema, "Maneno haya ni mepesi kuyanena, nani aliyeyaweza?" Namjibu: na tumtazame Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alikuwa gerezani bila ya kosa, akamwambia mwenzake aliyekuwa akitoka amtaje kwa bwana wake, yaani mfalme. Wafasiri wamesema mengi juu ya ombi lile. Letu sisi hapa ni yaliyofuata. Yule mtu alisahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka kadha. Hata alipokuja mjumbe wa mfalme kumwita, hakuukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza lile shauri la wanawake lichunguzwe na haki idhihiri. Kisha ndipo alipotaka awekwe juu ya hazina za nchi, akataja uaminifu wake katika kuhifadhi na ujuzi wake. Kwa hiyo kutaka kazi ya Serikali si aibu, wala kuutaja ujuzi wako mahali pake si kiburi.

Lakini lipo jambo ambalo wengi wetu hulipita tusomapo kisa hiki. Wafungwa wenzake walimshuhudia kuwa ni katika watu watendao wema. Miaka ikapita, ndugu zake wakasimama mbele yake naye ni mkubwa wa nchi, wasimjue, nao wakamshuhudia kwa maneno yale yale. Gereza halikumpunguzia sifa ile wala cheo hakikumwongezea. Alingoja kwa miaka, na nafsi yake ikabaki mkononi mwake.

Ama yule ambaye nafsi yake imo mkononi mwa ofisi, wasiwasi humsukuma kwenye milango miwili mibaya. Mlango wa kwanza ni wa mpiga ramli, amwendeaye kutaka kujua kama jina lake limo. Naye humtoza fedha kwa habari ambayo yeye mwenyewe hanayo. Mlango wa pili ni wa mlungula. Huambiwa, "Huna mtu huko? Toa kitu kidogo." Na nafasi inunuliwayo haishuki kutoka mawinguni. Imetolewa mkononi mwa mwombaji mwengine, wa Lamu au wa Turkana, ambaye yeye pia alingoja, na mama yake pia aliuza kitu.

Wala wenye ofisi wasidhani kuwa maneno haya ya subira yamewaondolea lawama. Matangazo mengi ya kazi humalizia kwa kusema kuwa watakaoarifiwa ni walioteuliwa peke yao. Basi maelfu huachwa wahesabu siku, wasijue ni siku ipi ya kukata tamaa. Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo hiyo chataka wenye mamlaka watende kwa upesi na kwa haki. Kumwambia mtu "hukupata" kwa mstari mmoja ni jambo dogo kwa mwenye ofisi, na kwa mwenye kungoja ni kufunguliwa kamba. Kuwahimiza wanyonge wasubiri, na huku wenye nguvu hawahimizwi wajibu, ni nusu ya nasaha. Na sisi majirani tuache kumsimamisha kijana njiani kila siku kumwuliza, "Bado tu?"

Nilimwambia kijana wangu mambo matatu. La kwanza, ombi moja lisikuzuie kupeleka jengine; Imamu Ghazali katika Ihya amebainisha kuwa kuacha kutafuta sababu siyo maana ya kumtegemea Mungu. La pili, ukiona muda umepita mno, andika uulize kwa adabu. Kuuliza ni haki yako, si ombaomba. La tatu, elimu yako ifanye kazi tangu leo. Mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah papa hapa Mombasa, aliwahimiza watu wetu wasome. Vijana wameitikia. Itakuwa msiba wa pili ikiwa aliyesoma atadhani kuwa elimu yake imelala mpaka barua ije kuiamsha.

Hadi naandika haya jibu lake halijafika. Bado ana wasiwasi, wala sikumwambia asiwe nao. Lakini kila jioni huwasomesha hesabu watoto wa mtaa, na katika saa hiyo simu huiacha nyumbani. Wale watoto humwita mwalimu, wala hakuna hata mmoja wao aliyemwuliza Tume imesemaje.

Mwenyezi Mungu amfungulie yeye na wenziwe mlango wa heri, na awape wenye kushika majina yao uadilifu. Amin.