Motokaa Isiyo na Dereva na Ng'ombe Mwenye Kupiga Pembe

Wasomaji wetu, bila shaka mmekwisha kusikia ya kuwa huko Marekani ziko motokaa ziendazo zenyewe, hali kiti cha dereva ni kitupu. Macho yake ni kamera na vyombo vipimavyo umbali. Akili yake ni kompyuta iliyofundishwa na watu. Mtu akitokea mbele, yenyewe huamua kusimama, au kupinda, au kuendelea. Hapa kwetu Morotonga hazijafika, wala hatuzitazamii upesi. Hata hivyo jambo hili latuhusu, maana ni jambo la damu ya mtu, na la nani atakayeulizwa.

Wengi hupenda kuuliza: motokaa ikishindwa kusimama, imgonge mzee au mtoto? Wanachuoni wa chuo cha MIT waliwauliza watu wa nchi nyingi maswali ya jinsi hiyo, na mwaka 2018 wakatangaza majibu yapata milioni 40. Sisi twaona hilo ni swali la barazani. Ajali iliyotokea kweli haikuwa na mzee wala mtoto wa kuchaguliwa.

Usiku wa tarehe 18 Machi, 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, motokaa ya kampuni ya Uber iliyokuwa ikijaribiwa ilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baisikeli, naye akafa. Vyombo vilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla. Lakini kompyuta haikumtambua: mara ilimdhani gari, mara kitu kisichojulikana, mara baisikeli, na kila ilipobadili dhana ilisahau alikotoka, hata isijue aendako. Mwaka 2019 wapelelezi wa serikali walieleza ya kuwa walioitengeneza hawakuitia fikira ya mtu avukaye mahali pasipo alama ya kuvukia. Tena breki za dharura zilizokuja na gari lenyewe zilikuwa zimezimwa wakati kompyuta inapoendesha.

Lifikirini neno hilo la alama. Ukitoka nje ya mji wa Mugumu, nani avukaye kwa kufuata mistari? Mama mwenye ndoo kichwani, mtoto amfuataye ndama, wote huvuka walipofikia. Motokaa ya namna ile ingaliwaona, isiwajue kuwa ni watu wavukao.

Ndani yake alikuwamo mtu aliyewekwa aiangalie, naye alikuwa akitazama simu. Mwaka 2023 alikiri kosa, akapewa miaka 3 ya kuangaliwa nje ya gereza. Kampuni ilipatana na jamaa za marehemu. Kushtakiwa kwa jinai haikushtakiwa. Huyo mwangalizi hatumwondolei lawama, lakini si yeye aliyezizima breki.

Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, yatofautisha. Ng'ombe akimwua mtu kwa pembe, na hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Bali kama alizoea kupiga, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hatia ni yake. Nasi wafugaji twalijua hilo: hatumwiti ng'ombe barazani, twamwita mwenye ng'ombe.

Ugumu ni kwamba mikono iliyoilea akili ya motokaa ni mingi, na mingine ni ya jirani zetu. Mwaka 2018 vijana wa Nairobi, wengine wakaao Kibera, walikuwa wakilipwa na shirika la Samasource kadiri ya dola 9 kwa siku ili wachore mipaka ya watu, miti na magari katika picha, kompyuta zipate kujifunza kuona. Hatusemi kazi yao iliingia katika motokaa ile ya Tempe. Twasema hivi tu: lawama ikianza kugawanywa, hutelemka upesi kwa mdogo, na hao ndio wadogo. Twaona aulizwe kwanza yule aliyekuwa na uwezo wa kumfunga ng'ombe, akamwachia njiani hali anajua hajafundishwa. Kijana wa Kibera achoraye picha haulizwi motokaa iende mwendo gani, wala breki zipi zizimwe.