Deni la Bosman

Jina la Jean-Marc Bosman hutajwa kila mwaka na watu wasioweza kueleza hata alicheza namba gani. Alikuwa kiungo, Mbelgiji, mchezaji wa kiwango cha wastani. Ujanani alipata kuwa nahodha wa timu ya taifa ya vijana, akachezea Standard ya mjini Liège, na mwaka 1988 akahamia RFC Liège, klabu ya mji huo huo. Mkataba wake uliishia Juni 1990.

Kabla haujaisha, klabu ilimletea mkataba mpya wa faranga 30,000 kwa mwezi, naye alikuwa akipata wastani wa faranga 120,000. Alikataa. Dunkerque ya Ufaransa ilimtaka, lakini kwa kanuni za siku zile mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa huru. Klabu ya zamani iliweza kudai ada kwa klabu mpya. RFC Liège ilitilia shaka uwezo wa Dunkerque kulipa, haikuomba kibali cha uhamisho, na mapatano yakavunjika. Kisha ikamsimamisha. Hana kazi huku, hana kazi kule. Agosti 1990 akaenda mahakamani.

Wenye klabu walikuwa na hoja, na sisi tuliofundisha walimu hatuwezi kuipuuza. Klabu ndogo humlea kijana na kumfunza, halafu tajiri huja kumchukua bure. Je, ni haki? Chuoni tuliwalea vijana wetu, na wapo walioacha ualimu baada ya miaka michache wakaajiriwa benki. Iliuma, lakini hatukuiandikia benki hati ya madai. Gharama za malezi ni za kweli. Hata hivyo hazimgeuzi aliyelelewa kuwa mali. Aliyetimiza ahadi yake ameitimiza. Kumtia bei baada ya hapo ni kumfanya ng'ombe wa mnadani, hata awe na mshahara mnono kiasi gani.

Kesi ilichukua miaka mitano. Wakati huo Bosman alihangaika: Saint-Quentin huko Ufaransa, kisha kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu hii hii, kisha Charleroi kwao Ubelgiji. Mahakama za kwao ziliona dalili kwamba klabu zilikuwa zimemsusia. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa ushindi. Alikuwa na miaka 31, na kwa kiungo aliyekaa nje ya uwanja muda mrefu, huo ni uzee.

Waliofaidi ni wengine. Mwaka 1996 Edgar Davids alitoka Ajax kwenda AC Milan bila ada. Mwaka 2024 Kylian Mbappé alitoka Paris kwenda Real Madrid vivyo hivyo. Hata kijana wa Afrika Mashariki anayecheza ng'ambo, mkataba wake ukiisha, hutokea mlango ule ule. Bosman mwenyewe aliishiwa fedha, akaingia katika ulevi, akaishi kwa misaada, na amelalamika hadharani kwamba amesahauliwa.

Hapo, msomaji wangu, ndipo penye swali. Wazee walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni neno zuri, ila tazama linasemwa kwa nani. Linamwambia mtenda. Mtendewa hakuruhusiwa naye kwenda zake, ingawa ndivyo tunavyopenda kulitumia, hasa mtenda anapotujia akiwa amefilisika na ananuka pombe.

Atasema mtu kwamba Bosman alijipigania mwenyewe, hakuwajua akina Davids. Kweli. Hata anayechimba kisima huchimba kwa kiu yake. Lakini jirani anayeteka maji hapo kila asubuhi hawezi kumwacha mchimbaji afe kwa kiu eti kwa sababu hakuchimbiwa yeye. Wala ulevi haufuti deni. Nikikudai, hunilipi kwa sharti kwamba nizitumie fedha vizuri.

Mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kushukuru, na afadhali isijaribu. Lakini ada ambayo klabu hailipi tena haikupotea. Sehemu kubwa huangukia mfuko wa mchezaji, na wakala hupata fungu lake. Katika mgawo huo Bosman hayumo, na mwenye kalamu ya kutia sahihi angeweza kumwingiza bila kuamriwa na hakimu.