Vina na Dhamiri: Tafakuri juu ya Vitabu vya Awali vya Watoto wa Uchina

Je, mtoto anayekariri wasia kabla ya kuuelewa huwa amefunzwa maadili, au amefunzwa sauti tu? Swali hili hujitokeza tunapozizingatia tungo ambazo kwa karne nyingi zilitumiwa kuwasomesha watoto wa Uchina. Utungo wa Sanzijing, ambao aghalabu hunasibishwa na Wang Yinglin (1223–1296), una mishororo ya alama tatu tatu za maandishi. Mtoto aliuhifadhi kwanza, maana akafafanuliwa baadaye. Humo alikutana na Kong Rong, ambaye akiwa na umri wa miaka minne alijua kuwaachia wengine matunda.

Wapo wanaoshikilia kuwa ufundishaji wa namna hii ni utumwa wa akili. Hoja yao ina uzito, kwani vina huupa usemi sura ya ukweli hata pale ambapo hapajatolewa ithibati yoyote. Sanzijing huanza kwa dai kwamba binadamu huzaliwa mwema, dai lililotetewa na Mencius. Xunzi, mwanafalsafa wa mapokeo yayo hayo ya Confucius, alishikilia kinyume chake. Katika mshororo huo, hata hivyo, mtoto hakuonyeshwa kwamba pana mjadala.

Lakini Zengguang Xianwen, mkusanyo wa methali zenye vina uliotokea enzi ya Ming, unatulazimisha tufikiri upya. Methali moja humwasa msomaji asimfunulie mtu moyo wake wote. Nyingine humhimiza atende mema bila kuuliza atapata nini. Nyingine tena hutamka bila haya kwamba tajiri hakosi jamaa hata akiishi milimani. Zikikaririwa zote, hakuna inayoweza kutiiwa peke yake. Mkariri afikapo ukubwani hana budi kuchagua, na katika kuchagua ndimo dhamiri inamozaliwa.

Kwa hivyo, kosa haliko katika kukariri. Liko katika kumteulia mtoto methali za utii na kumficha zile zinazokinzana nazo. Mnamo 1974, kampeni ya kumpinga Confucius iliushambulia Sanzijing kuwa chombo cha ukabaila. Ilhali kampeni yenyewe iliendeshwa kwa kaulimbiu za kukaririwa, zisizoruhusu kaulimbiu pinzani. Waama, mtoto aliyehifadhi semi mbili zinazogombana yu karibu zaidi na maadili kuliko yule aliyehifadhi mia moja zinazokubaliana.